Nyungo za Mitsue

Mitsue alizitia plamu chumvi, na kabla wiki haijaisha akafa.

Alifia ndani ya gari la wagonjwa, katikati ya handaki, kwa sababu wakubwa walikuwa wamekifunga kituo cha afya cha bondeni wakasema hospitali ya mji wa pwani haiko mbali. Haiko mbali kwa nani? Kwa mtu anayeendeshwa huku amesinzia kiti cha nyuma, haiko mbali. Kwa mwanamke aliyeshika kifua, midomo imegeuka rangi ya majivu, hospitali ile iko ng'ambo ya dunia. Na handaki lenyewe mumewe Tatsuzo alishiriki kulichimba ujanani, alipoacha shule na kufuata kazi za barabara. Wakati ule waliambiwa kwamba likishatoboka, hakuna mtu wa kijiji chao cha Kamidani atakayekufa tena kwa kukosa daktari. Maneno hayo alimwambia kila aliyekuja mazishini. Alimwambia mtawa aliyesoma dua. Alimwambia hata kijana wa mitungi ya gesi, ambaye hakuwa na hatia wala habari.

Wageni walipoondoka, likabaki pipa.

Lilikuwa kwenye kona ya jikoni isiyopata jua, limefunikwa kwa kitambaa, jiwe la mtoni juu ya kifuniko, na plamu humo ndani zilikuwa zimeshatoa maji yao zikazama. Hizo ndizo zilizokuwa za mwisho kupita mikononi mwa Mitsue. Aliziokota mwenyewe, zile zilizoiva zikadondoka kwenye wavu aliotandika chini ya mti. Akaziosha, akatoa kikonyo cha kila moja kwa ncha ya kijiti, na Tatsuzo alipopita hapo aliuliza tu kama chakula kiko tayari. Mitungi ya plamu za miaka ya nyuma haikuwapo. Mwaka juzi mvua ya mawe iliutwanga mti, mwaka jana maua yakaungua kwa baridi, na za zamani Mitsue alikuwa amezigawa kwa kila jirani mwenye tumbo bovu, maana daktari hakuwapo tena wa kugawa dawa.

Kwa hiyo pipa lile likiharibika, katika nyumba ile hakutabaki kitu cha kutia mdomoni ambacho mkono wa Mitsue umekigusa. Tatsuzo alilijua hilo, ingawa hakumwambia mtu. Binti yao Sanae naye alilijua.

"Baba, usiliguse," alisema siku ya kurudi Osaka, viatu tayari mguuni. "Masika yakiisha nipigie. Nitaomba ruhusa kazini nije nizianike."

"Uombe ruhusa kwa ajili ya achari? Watakucheka."

"Wacheke. Ni siku tatu tu."

"Nimejenga kuta za barabara za bonde zima hili, nishindwe kuanika matunda?"

"Baba, wewe wali wenyewe unaukoroga kama saruji."

"Saruji yangu haijawahi kubomoka."

Sanae alicheka kidogo, kisha akalia, kisha akapanda gari. "Uniwekee zangu," alisema dirishani. "Nitakuja kwa dua ya Mama ya siku ya arobaini na tisa."

Tatsuzo alibaki na jiko. Asubuhi alijipikia uji wa chai, kama watu wa eneo lao la Kishu wanavyokula miaka nenda miaka rudi: mchele ndani ya chai iliyokaangwa, moto mkali, na mtu asikoroge. Yeye alikoroga. Ukawa gundi. Akaula kwa chumvi ya kopo, macho yakiwa pale mezani lilipozoea kukaa bakuli la achari, na kila funda likamkumbusha wakubwa. Jioni alikaanga biringani zikanywa mafuta yote. Samaki aliunguza upande mmoja, upande wa pili ukabaki mbichi. Miaka yote aliyokaa kwenye meza ile hakuwahi kusema kwamba chakula ni kitamu; alikuwa akisogeza bakuli mbele tu, na Mitsue akijua kwamba aongeze.

Jirani yake alikuwa Fusa, mjane wa siku nyingi, mwembamba kama kijiti cha kulia, mwenye sauti ya jogoo. Kati ya nyumba zao palikuwa na ua wa michai tu, unaofika kiunoni. Fusa mwenyewe hakuwa na ubaya. Ubaya wake ulikuwa mwanawe Noriaki, aliyefanya kazi manispaa, na kwa Tatsuzo hilo lilitosha.

"Baba Sanae!" aliita siku moja juu ya ua, manyunyu yakiendelea. "Pipa la Mitsue limepata majani?"

"Majani gani?"

"Haya! Huyu amekula plamu nyekundu miaka hamsini, alidhani zinazaliwa hivyo!"

Akamrushia fungu la majani mekundu ya shiso, akasimama palepale kumwelekeza. "Yatie chumvi, ukande. Kanda, usiyabembeleze! Hilo povu jeusi mwaga, ni uchungu mtupu. Kanda tena. Haya, sasa yatie pipani."

Tatsuzo alikanda kwenye karai la nje hadi mikono ikawa ya zambarau. Majani yalipogusa maji ya plamu, maji yakawaka mekundu, mekundu kama taa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliona kwamba ipo kazi moja isiyomshinda.

Mwishoni mwa Julai masika yakakatika. Jua likatoka jeupe, nyenje wakaanza makelele mitini. Tatsuzo alishusha darini nyungo tatu za mianzi za Mitsue, akazilaza juu ya magogo upande wa kusini, akazipanga plamu moja moja zisigusane, kama alivyomwona Mitsue akifanya. Yaani kama alivyomwona kwa pembe ya jicho, akipita na shughuli zake. Zilipendeza. Zilikuwa laini, zimeanza kukunjamana, na harufu yake ilimjaza mate mdomoni hata akasahau kulaani mtu.

Kisha akalibeba pipa lenye yale maji mekundu yaliyokaa majuma mazima, akayamwaga mtaroni, akalisugua pipa likang'aa.

"We! We!" Fusa alikuja mbio hadi uani, kandambili zikipiga. "Mtaro wako unatoka damu! Umemwaga nini?"

"Maji machafu."

"Maji machafu! Hiyo ni siki, Baba Sanae! Siki ya plamu! Mitsue akitia tangawizi humo, figili humo, matango humo. Ulidhani ile tangawizi yake inapata wapi rangi, kwa kupakwa?"

"Mbona povu la majani uliniambia nimwage?"

"Povu la majani, ndiyo! Nani amekutuma umwage na pipa?"

Tatsuzo alitazama mtaro. Wekundu ulikuwa umeshapita kwenye mpunga wa mtu mwingine.

"Haidhuru," alisema. "Plamu zipo."

"Zipo, lakini nisikilize." Fusa akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. "Plamu zikinyeshewa, mimi najua dawa moja tu. Unazisuuza ndani ya siki yake, unazianika upya. Wewe sasa siki huna. Kwa hiyo ukitoka, hata kwenda dukani, niambie. Nitavuka nizitie ndani."

"Nyungo za Mitsue haziguswi na mtu."

"Mimi ndiye mtu? Miaka yote tumelia na kucheka jikoni mwake, leo mimi mtu?"

"Nyumba yako inalishwa na manispaa. Mkono mmoja ufunge kituo, mkono wa pili uje kuokoa achari? Usivuke ua huu, Mama Nori."

Fusa aliutazama ule ua. Alikuwa na mengi ya kusema na yote yalionekana usoni.

"Sawa," alisema. "Sitavuka."

Siku mbili zikaenda vizuri. Tatsuzo alizigeuza plamu mchana kwa vidole, ngozi zikawa laini kama ndewe ya sikio, chumvi ikachipuka juu yake kama umande mweupe. Alikaa kibarazani akizilinda, akiwafukuza nzi kwa upepeo. Hakwenda popote. Hata redio hakuwasha.

Siku ya tatu, ya mwisho, ilikuwa siku ya mkutano. Manispaa iliwaita watu ukumbini mchana kuzungumzia "mustakabali wa huduma za afya", maneno ambayo Tatsuzo aliyaona ni njia ndefu ya kusema hapana. Alikuwa ameungojea mkutano huo tangu mazishi. Alitazama anga juu ya paa, akaona bluu tupu. Mitsue hakuwa akitazama juu ya paa. Alikuwa akitazama mgongo wa mlima wa magharibi na kunusa, kisha anasema leo hapana au leo sawa. Tatsuzo alivaa shati jeupe la msibani, akapanda pikapu yake, akapita mbele ya nyumba ya Fusa bila kupunguza mwendo. Alimwona akimwagilia matango.

Ukumbini kulikuwa na viti vya kukunja na feni nyingi zisizopoza kitu. Mlangoni kila mtu aliambiwa azime simu. Mkuu wa idara alionyesha michoro ya rangi rangi, mistari yote ikishuka, kana kwamba watu wa bondeni wamekosa adabu kwa kuzeeka. Noriaki, mwana wa Fusa, alizunguka na kipaza sauti kati ya viti, jasho likimtiririka. Tatsuzo aliinua mkono mapema, lakini kabla yake walipewa wengine. Mmoja aliuliza habari za basi. Mwanamke mmoja akaeleza meno yake, moja baada ya jingine.

Ndipo radi ilipolia. Ilikuwa mbali, nyuma ya mlima, kama mtu anayeburuta meza ghorofani. Kila mtu ukumbini alijua maana yake.

"Hiyo ya upande wenu, Kamidani," alisema mzee aliyekaa ubavuni mwake. "Hukuacha kitu nje?"

"Plamu."

"Siku ya ngapi?"

"Ya mwisho."

"Na umekaa? Nenda, we mzee, unangoja nini? Hawa utawakuta kesho wakiwa hivihivi!"

Tatsuzo aliinuka nusu. Papo hapo Noriaki akamwona, akamwonyesha kwa kiganja. "Bwana wa shati jeupe, wewe unafuata baada ya mama huyu."

Akiondoka sasa watasema hakuwa na la kusema. Watasema wameita watu na watu wameridhika. Yale maneno alikuwa amelala nayo, ameamka nayo, ameyasema kwa ukuta na kwa sufuria. Radi nyingine ikalia, karibu zaidi.

Akakaa.

Zamu yake ilipofika alisimama, akasema yote. Alisema mke wake alifia ndani ya handaki alilolichimba yeye. Alisema aliyekifunga kituo hajawahi kulala usiku hata mmoja bondeni. Mkuu wa idara aliinama, akakaa ameinama muda mrefu, kisha akasema, "Tumeyapokea maoni yako kwa uzito mkubwa."

"Uzito wa kilo ngapi?"

Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi.

"Kila mara mnapokea," Tatsuzo aliendelea. "Mmepokea mpaka mmeshiba. Mtatoa lini?"

Mkuu akainama tena. Noriaki akachukua kipaza sauti kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemtoa mtoto kwa mama yake, akakipeleka kwa anayefuata. Ndiyo ilikuwa basi. Hakuna lililobadilika, isipokuwa kwamba juu ya paa mvua ilikuwa imeanza kupiga kwa ngumi.

Aliendesha kwa taa, wipa zikishindwa na mvua. Alipoingia uani kwake mvua ilikuwa imeshapita, jua la jioni linachungulia, na nyungo zinachuruzika. Plamu zilikuwa zimejaa maji, zimevimba, zimepauka, ile chumvi iliyokuwa juu yake imeoshwa yote. Nyingine zilikuwa chini, kwenye tope, zimetapakaa na wekundu wake. Ni zile chache tu za upande wa ukutani, chini ya ukingo wa paa, zilizokuwa bado na rangi.

Fusa alikuwa amesimama kwenye ua wa michai. Mwavuli alikuwa nao, lakini alikuwa amelowa hadi kiunoni.

"Nimekupigia simu mpaka kidole kimeuma," alisema.

"Niliizima. Waliagiza tuzime."

"Nilivuka mguu mmoja." Akautazama mguu wenyewe, kandambili imejaa tope. "Nikakumbuka ulivyosema. Nikaurudisha."

Tatsuzo alitaka kumwuliza ni upumbavu gani huo, mtu kuangalia mvua ikila chakula kwa sababu ya maneno. Lakini maneno yenyewe yalikuwa yake.

"Ngoja nilete siki yangu," Fusa alisema. "Ninayo chupa nzima. Tuzisuuze sasa hivi, kesho jua likitoka..."

"Hapana."

"Baba Sanae."

"Zitakuwa na ladha ya nyumba yako. Nataka zibaki zake."

Alizitia ndani mwenyewe. Alizifuta moja moja kwa kitambaa, akazitandaza mbele ya kabati la kuwaombea marehemu, akawasha feni, akaiambia picha ya Mitsue kwamba kesho jua litatoka. Kesho yake kulikuwa na mawingu. Kesho kutwa pia. Aliwatukana watu wa utabiri wa hali ya hewa, ambao nao wanalipwa. Halafu asubuhi moja aliinama kuzigeuza, akaona utandu mweupe, laini, mzuri kama manyoya ya kifaranga, umetambaa kutoka plamu hii hadi ile.

Hakupita kwenye ua. Alizunguka barabarani, akaenda kusimama mlangoni kwa Fusa, kofia mkononi.

"Mama Nori," alisema. "Zimeota kuvu."

Fusa hakumwambia si nilikwambia. Alichukua chupa ya siki, akaja, akapiga magoti mbele ya nyungo. Alizishika moja moja, akanusa. "Hii hapana. Hii hapana. Hii..." Alisita. "Hapana." Rundo la kutupa likakua. Rundo la pili halikujaza hata bakuli dogo. Zilikuwa zile zilizokingwa na paa. Hizo akazisuuza ndani ya siki yake, na siku mbili za jua lililofuata alikuja mwenyewe kuzigeuza, na Tatsuzo akakaa akimtazama anavyofanya.

"Mitsue alizitia chumvi barabara," Fusa alisema alipokuwa akizitia bakulini. "Zile zote zingekaa hata miaka ishirini."

Alisema kwa kusifu. Tatsuzo aligeuka akatazama ukuta.

Sanae alikuja kwa siku ya arobaini na tisa. Mtawa alisoma, jamaa wakala, wakaondoka. Asubuhi yake Sanae alipika uji wa chai, hakuukoroga, punje zikabaki moja moja. Tatsuzo akaweka bakuli dogo mezani. Sanae alichukua plamu kwa vijiti, kiganja cha pili kikikinga chini, kama mtu anayepokea zawadi, akaitia mdomoni. Uso ukakunjamana kwa ukali wake, kisha ukalegea polepole, kisha ukabadilika.

"Hii ina mkono wa Mama Nori."

"Siki ni yake."

"Kwa nini siki yake? Na nyingine ziko wapi, Baba? Pipa lilikuwa limejaa."

Jibu alikuwa nalo, ameliandaa muda mrefu: manispaa, mkutano waliouweka siku ya jua, ukumbi unaozimisha watu simu, mkuu anayejua kuinama tu. Na yote yalikuwa kweli. Wakubwa walikuwa na dhambi yao na hakuwasamehe hata nukta yake.

"Wale watu wa manispaa," alianza, "waliita mkutano siku ya..."

Sanae alikuwa ameweka vijiti chini, anangoja.

"Nilisikia radi," Tatsuzo alisema. "Nilikuwa naweza kuondoka. Nilikaa. Na Mama Nori alitaka azitoe, mimi ndiye niliyemkataza."

Nyenje walikuwa wakipiga kelele nje. Sanae alinyonya kokwa hadi ikawa safi, akaitoa, akaifunga ndani ya karatasi laini.

"Nilikuwa nimeshaomba ruhusa," alisema. "Walinikubalia. Nililala na simu kando ya kichwa nikingoja unipigie."

"Sikujua."

"Nilikwambia, Baba. Hapo mlangoni nilikwambia."

Hakupandisha sauti. Alimaliza uji wake, akaosha mabakuli yote mawili, akafuta meza. Wakati wa kufunga mizigo alichukua kabatini chupa safi, akazimiminia humo plamu zote, hata ile ndogo iliyopasuka, akafunga kifuniko kwa nguvu, akaipenyeza kati ya nguo zake. Hakuuliza. Tatsuzo alimwona, amesimama kwenye kizingiti cha jikoni. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, neno fupi tu, niachie moja.

Akalimeza. Akauchukua mkoba, akaupeleka hadi kwenye gari, akausimamisha wima kitini ili kisimwagike kitu.